Shahada ya Chumba cha Nyuma

Mdogo wangu alipoitwa chuo kikuu Nairobi, nyumbani kwetu Mghange kulichinjwa mbuzi. Mchungaji alikuja kuliombea sanduku, majirani wakaleta shuka na sufuria, na mama alilia mpaka gari likapotea kwenye kona. Mimi nilipojiunga na shahada ya mtandaoni, nikiwa muuzaji wa mbegu na dawa za mifugo mjini Voi, mama aliniuliza kama nimekula.

Simlaumu sana. Kwake yeye chuo ni mahali pa kwenda. Mdogo wangu alirudi likizo na habari za kumbi zinazojaa hadi wengine wanaandika wakiwa wamesimama, za migomo, za mhadhiri ambaye hakuonekana muhula mzima, na zote zilipokelewa kwa heshima. Mhadhiri wangu alinijibu maswali kabla chai yangu haijapoa. Lakini nilipokuja nyumbani wikendi, nilimsikiliza nikiwa nimekaa kitandani, na mtu aliyekaa kitandani mchana, kwa macho ya mama, ama ni mgonjwa ama ni mvivu. "Kwa vile uko tu," angesema, kisha angenituma nikakate majani ya ng'ombe. Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyoonyesha. Nilitaka mama aseme, hata mara moja, kwamba binti yake anasoma chuo.

Mtihani wa mwisho ulikuja na masharti yake. Kamera iwake mwanzo hadi mwisho. Usiseme, usiinuke, mikono ionekane, asiingie mtu. Ukivunja sharti moja, mtihani unafutwa, na shahada inasubiri mpaka kamati ikusikilize. Chumba changu cha kupanga Voi kiko ukuta kwa ukuta na fundi wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo nilipanda mlimani, nyumbani Mghange, kutafuta utulivu. Nilimwambia mama nina mtihani, mtu asiingie chumba cha nyuma. Akasema sawa, wala hakuuliza mtihani wa nini.

Nilikuwa katikati ya swali la nne mlango ulipofunguliwa. Alikuwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, ameshika fimbo yake, na mama nyuma yake akitabasamu. Asubuhi hiyo mama alikuwa amewafukuza watoto, amemrudisha jirani, amefukuza hata kuku. Ila shangazi, aliyekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya bonde, si wa kuzuiwa mlangoni.

Nilijua kamera inaniona. Nilijua pia kwamba kwetu shangazi hapungiwi mkono ukiwa umekaa. Mwili uliamua kabla yangu. Niliinuka, nikatoa mikono yote miwili, nikainama, tukaanza: habari za nyumbani, za ng'ombe, za magoti yake, za mvua, za yule mjukuu aliyevunjika mkono, halafu tena habari za nyumbani. Tulipofika kwenye mahindi, kompyuta ilikuwa imeshaandika kwa herufi nyekundu kwamba mtihani wangu umefutwa.

Nilikasirika, na sikuficha. Nilimwambia mama mbele ya mgeni kwamba miaka yangu minne imekwenda na maji kwa sababu yeye haamini ninachofanya. Shangazi aliitazama kompyuta, akaniuliza polepole huyo mwalimu amekaa wapi. Mama alikwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Kamati ilinisikiliza wiki iliyofuata, kwa kamera ileile. Walikuwa wahadhiri watatu. Mama aliomba awepo, akavaa nguo zake za kanisani na kukaa wima kwenye kiti robo saa kabla ya wakati. Mmoja wao aliniuliza kwa nini sikumwacha mgeni tu nikaendelea kuandika. Kabla sijajibu, mama alisogea mbele.

"Ni mimi nilimwingiza shangazi yake," alisema. "Na huyu angebaki amekaa, mimi mwenyewe ningemtoa hiyo shule."

Mwenyekiti, mzee mwenye mvi, alicheka hadi akavua miwani. Alisema hata yeye ana shangazi. Nikapewa nafasi ya kurudia.

Siku ya kurudia nilimtajia mama saa ya kuanza na saa ya kumaliza, basi, sikuongeza kitu. Nilifunga mlango. Nikiwa swali la pili, nilisikia kigoda kikiburutwa, kisha mama akiketi nje ya mlango wangu. Baadaye kidogo nikasikia mtu akibisha hodi uani. Alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye nyumbani kwetu hufunguliwa hata tukiwa tumelala. Hakuwa amefika tangu Krismasi. Aliuliza niko wapi anisalimie, maana ameona viatu vyangu mlangoni. Vidole vyangu vilisimama juu ya kompyuta. Nilisikia mama akiinuka kumpokea, na nilijua kumzuia kungemgharimu nini, kwa sababu kaka yake huyo ndiye aliyemlea.

"Hayuko," mama akasema. "Ameenda chuo. Atarudi saa saba."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Machozi yalinitoka nikayaacha yatiririke, maana mikono ilitakiwa ionekane mezani.