Vizibo vya Soda Kwenye Semina

Wiki hii mimi niliyeishia darasa la saba nimewafundisha wataalamu kazi. Waliniita niwatungie mchezo kwenye semina yao mtaani Kashaulili, kwa sababu mjini hapa hakuna anayenifunga drafti. Bwana shamba na bwana mifugo walibishana asubuhi nzima njia ya ng'ombe wa kijiji cha Mwamkulu kwenda mtoni ipite wapi. Nikachora kijiji kwenye boksi, nikawapa vizibo vya soda viwe mashamba na ng'ombe, kisha nikawageuza: bwana shamba achunge, bwana mifugo alime.

Bwana mifugo akapanga mashamba, akaziba kila upenyo.

“Ng'ombe wangu wanywe wapi, kaka?” bwana shamba akauliza.

“Mpunga wangu kwanza.”

Bwana shamba akajikuna kidevu. “Hayo si maneno yangu ya asubuhi?”

Mwenzake akacheka, akasogeza vizibo viwili. Njia ikapatikana kabla ya chakula cha mchana. Vyeti wamepewa wao. Mimi nimerudi na vizibo vyangu, nasubiri wizara inipigie.