Kivuli cha Msalaba wa Baba

Baba yangu alizikwa kinyume. Watu wa kijiji chetu, Chome, wanajua, na wamekwisha kuzoea.

Kwetu maiti hulazwa kichwa magharibi, miguu mashariki, ili Yesu atakaporudi wainuke wakimtazama. Siku tuliyomzika baba, ukungu wa mlima Shengena ulishuka hadi migombani. Gari lilikwama kwenye utelezi, vijana wakalibeba jeneza mabegani, na kwenye kona ya mwisho, penye njia nyembamba, wakalazimika kugeuka ili waingie shambani. Hakuna aliyekumbuka kuangalia upande. Tuliimba, tukafukia, msalaba ukasimikwa kichwani.

Kesho yake kulikucha na jua. Mama na mimi tulikwenda kutazama maua, tukakuta kivuli cha msalaba kimemlalia baba kutoka kichwani hadi miguuni. Mama alitazama jua, akatazama msalaba.

"Wamemgeuza," alisema. "Kichwa kiko mashariki."

Mwinjilisti wa mtaa alikuja kumtuliza. "Mama, Mungu hawezi kushindwa na jambo kama hili."

"Mungu hashindwi. Atakayeshindwa ni mume wangu. Mtu huyu alikuwa akishuka stendi ya Same anauliza njia ya sokoni, na soko analiona."

Mwinjilisti alicheka hadi akatoa leso. Mama hakucheka. Kumfukua hakuna aliyethubutu kutaja.

Wenzake waliposema Mungu akipenda, mama alisema Bwana akikawia. "Bwana akikawia, maharage tutavuna mwezi wa saba." Jumamosi alifagia ua, kisha akafagia kaburi, kwa ufagio uleule. Mawingu yakiwa mekundu juu ya msitu aliacha jembe na kusimama, mkono juu ya macho. Yalipofifia alirudi kulima na uso wa mtu ambaye basi limesimama na mgeni wake hakushuka.

Mimi nilikuwa na kazi Same, na nyumba ya kupanga, chumba na sebule, ambamo sauti pekee ilikuwa ya redio. Mama alipoanza kuvimba miguu nilimwomba ashuke akae nami, karibu na hospitali.

"Na nikifia huko?"

"Nitakupandisha, mama."

"Kunipandisha tu hakutoshi. Unilaze upande unaotakiwa. Baba yako akiinuka huku amempa Bwana mgongo, wa kwanza kumwona niwe mimi. Nimshike mkono, nimgeuze."

Nilimwahidi. Ndipo akafunga khanga zake.

Alikaa nami kiangazi chote. Kila asubuhi alitaka dirisha lifunguliwe kabla ya jambo lolote, kwa sababu milima yetu, ukiwa Same, iko upande wa jua. Aliitazama mpaka mwanga ukaijaa.

"Si leo," alisema, na ndipo akakubali uji.

Asubuhi moja nilifungua dirisha, na hakusema kitu.

Safari ya kumpandisha haikuwa na ukungu. Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyesimamia wachimbaji, na alitaka mama alazwe kama mumewe ili misalaba ilingane.

"Watu watasema nini? Mume huku, mke kule, kama waliolala wamenuniana!"

"Aliniagiza, baba mdogo."

"Marehemu huagiza mengi. Tukiyafuata yote hatutazika mtu."

"Hili nilimwahidi."

Vijana walikuwa tayari wameshika kamba. Nilikwenda nikasimama ukingoni, upande wa msituni, mashariki, pale walipotaka kichwa chake kikae. Nikabaki hapo. Baba mdogo akapunga mkono.

"Haya, geuzeni. Ubishi wa mama yake mtupu."

Sasa wamelala bega kwa bega, msalaba mmoja huku na mwingine kule, na wageni huuliza. Alfajiri ya Pasaka, tunapoimba makaburini, kila familia hukusanyika kwa watu wake. Mimi husimama peke yangu katikati ya makaburi mawili, na watoto wa jirani hunishangaa nikiimba sauti ya tatu ya kwaya bila ya kwanza.

Siku nyingine zote niko Same. Nafungua dirisha. Nyuma ya ukuta ule wa mlima baba amelala akinielekea, na mama amenipa mgongo, kama alivyotaka. Wao wana wa kugeuzana. Mimi sina mtoto wa kumwagiza, na baba mdogo naye tulimzika mwaka jana. Ndiyo maana siku hizi ombi langu ni moja tu: Bwana aje ningali hai, anikute nimesimama hapa dirishani, nikitazama upande unaotakiwa, pasipo mtu wa kunilaza.

Mwanga unaijaa milima. Si leo. Naenda jikoni kukoroga uji, na sufuria ya mama bado ni kubwa mno kwangu.