Tuseme Kuna ya Mwisho

Alhamisi, mwezi wa kumi ukielekea kuisha. Tangu alfajiri mawingu yalikaa upande wa Kingamyambo kama wageni wasiotaka kuingia wala kuondoka, na vumbi jekundu lilikuwa bado linatembea barabarani. Nilianza kuandika hivyo kwa sababu hali ya hewa naijua. Yaliyofuata siyajui vizuri, mimi niliyeishia shule ya msingi. Nayaandika jinsi nilivyoyasikia.

Siku ile binti yangu alikuwa anarudia mtihani wa mdomo wa matematiki, mwaka wake wa kwanza wa chuo. Akianguka tena, angekwenda Fungurume kukaa katika duka la baba yake mkubwa. Jambo hilo lilikuwa limeshasemwa na kukubaliwa. Niseme haki: huyo shemeji yangu si mtu mbaya. Ndiye aliyetupokea tulipofika Kolwezi kutoka Maniema, na alichotaka ni mtoto asipoteze miaka. Ila ana ulimi.

"Anasomea kuhesabu?" aliniambia. "Si akae na weye ku soko? Nyanya iko mingi."

Ni kweli, nauza nyanya, kwa mafungu.

Mara ya kwanza binti yangu hakuanguka kwa kutojua. Alianguka juu ya neno moja. Alitakiwa aonyeshe kwamba namba za aina fulani haziishi, hazina mwisho. Njia yake, alivyonieleza, ni kuanza kwa kusema kinyume: tuseme zina mwisho. Akasema. Profesa akamtazama, akamuuliza, "Na wewe unaamini zina mwisho?"

"Hapana, profesa," akajibu. "Ni bongo."

Bongo, kwa Kiswahili chetu, ni uongo. Akishasema hivyo angeendeleaje? Alisimama pale mpaka wakamwambia akae. Wenzake wakaanza kumwita Bongo, hata kwenye njia ya soko.

Sijui kama kosa ni langu. Nimewalea hivyo: ukivunja sahani, sema umevunja. Sikujua kwamba siku moja mtoto ataambiwa aseme asichokiamini ili apate kufaulu.

Mchana wa Jumatano nilikuwa uani nachagua nyanya. Binti yangu alikaa kwenye mkeka pamoja na binti wa marehemu dada yangu. Huyu tunaishi naye, na chuoni hapohapo anasoma fasihi. Wao wanaita Letre. Wanapendana na hawapumziki kubishana.

"Mi siwezi," binti yangu alisema. "Nikifika kwa 'tuseme', mudomo inakauka."

"Yaya, sungura anasemaka?" mwenzake akauliza. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Aseme wapi?"

"Basi shiye mu Letre tunaandikaka 'sungura akamwambia fisi'. Mbona hakuna mutu anatuita Bongo?"

"Ile ni hadisi."

"Na ya kwako ni hadisi. Unamuingiza fisi mu nyumba, unamupa kiti, unamuacha aseme bongo yake. Kiisha anajifunga na mudomo yake mwenyewe."

Binti yangu alicheka, halafu akaacha kucheka. Nikaona macho yake yamekwenda mbali. Mimi, kwa kuwa nilitaka kujua nini kinamsumbua mtoto, nikauliza hizo namba ni zipi.

Akachukua nyanya zangu saba. "Mama, gawanya mafungu sawasawa." Nikajaribu mbilimbili, moja ikabaki. Tatutatu, moja ikabaki. Namba kama saba ni ngumu, hazikubali kugawanywa, akasema. Mtu aziweke moja moja au fungu moja tu. Kwa Kifaransa zinaitwa za kwanza.

"Za kwanza, na mwisho hazina?"

"Mama, ngoja."

Akavuta pumzi. Mwenzake akakohoa kama fisi.

"Tuseme," binti yangu akaanza, "tuseme namba ngumu za dunia yote ni mbili, tatu na tano. Saba tuisahau. Basi, zimeisha." Akazizidisha, akapanga nyanya thelathini kwenye mkeka, kisha akaongeza moja. "Sasa mama, gawanya."

Nikagawanya mbilimbili: ikabaki moja. Tatutatu: moja. Tanotano: moja, tena ileile.

"Unaona? Hili fungu ao ni gumu lenyewe, ao kuna ngumu ingine imejificha ndani yake. Fisi alisema bote tuko hapa, na kumbe kuna mutu ku mulango. Na hata ukiita namba ngumu mingi namna gani, utazidisha, utaongeza moja, na mutu atabisha tena hodi."

Nikaiokota nyanya iliyobaki. Ile moja inayobaki naijua miaka yote. Ndiyo namwongezea mteja, tunaita matabishi. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kuvunja uongo wa dunia nzima. Niliwaomba wanionyeshe tena. Wakanionyesha, nikaomba tena, mpaka mwana wa dada akasema, "Mama mudogo, nyanya itageuka mchuzi hapa."

Alhamisi nikamsindikiza. Niliketi kwenye benchi chini ya dirisha la chumba cha mtihani, lililokuwa wazi kwa sababu ya joto. Profesa akauliza swali lilelile, bila ukali, lazima niseme hivyo. "Leo unaamini zina mwisho?"

"Leo ndiyo, profesa. Kidogo tu. Namuacha fisi aseme."

"Fisi gani?"

Watu wakacheka. Binti yangu akaomba aeleze kwa Kiswahili, kisha aandike kwa Kifaransa, na profesa akakubali. Nikasikia tuseme, nikasikia chaki, nikasikia ikabaki moja.

"Na kama hiyo namba mpya inagawanyika?" profesa akauliza.

Hapo nikainua kichwa, kwa sababu hilo kwenye mkeka alilitaja tu, hatukulipanga kwa nyanya.

"Basi kile kitakachoigawanya hatukukiita," akasema, taratibu. "Sababu zile zote tulizoita zinaacha moja. Ni matabishi, profesa."

Nilijikuta nimesimama. Sikumbuki kuinuka.

Alitoka na chaki mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. "Nimepita," akasema, na mwana wa dada, aliyemngoja mlangoni, akamwita Bongo kwa mara ya mwisho. Mvua ilitukuta njiani, ya kwanza ya msimu, na hakuna aliyekimbia.

Nyumbani simu ikalia. Shemeji, kutoka Fungurume. "Matokeo namna gani?"

Sijui nini kiliniingia. "Tuseme ameanguka, shemeji," nikasema.

 Nikangoja alitaje duka.

"Bon. Arudie mwaka," akasema. "Duka itangoja. Mutoto akipenda kitu namna ile, utamufunga ku duka sababu gani? Umwambie asilie."

Nikamwambia haraka kwamba amefaulu, kwamba sikusema ameanguka, nilisema tuseme. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Weye nawe," akasema. "Wanakufundisha na weye."

Jioni tulikula bukari, ndiyo ugali wetu, na mboga ya lengalenga na samaki wa kukausha, kwa mchuzi wa zile nyanya za mkekani. Zilikuwa zimeshikwashikwa mno, haziuziki tena. Tulizipika zote, pamoja na ile moja.