Visu vya Mkaguzi

Kiwandani walimwita Mkaguzi, na jina hilo likamganda kama rangi kwenye mlango. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mwisho wa mstari wa vijiko, uma na visu vya mezani, akaokota kimoja kimoja, akakiinua kwenye taa na kusema neno moja kati ya mawili: pita, au rudi. Wenzake walimtania kwamba hata siku ya harusi alimgeuza bibi harusi kwenye mwanga kabla ya kukubali. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, alikuwa na jibu lake: "Na nilipita."

Kiwanda kilipofungwa, Mkaguzi alipewa barua na kushikwa mkono. Alizunguka na vyeti vyake mpaka soli za viatu zikalika upande mmoja. Kila alikokwenda aliambiwa anatafutwa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Akarudi kukaa nyumbani, akihamisha kiti kufuata kivuli, huku cherehani ya mkewe ikilia chumba cha pili. Mtu aliyezoea kazi akikaa bure huanza kuonekana mzigo hata machoni pake mwenyewe.

Ndipo alipokuja Nyundo. Huyu walikuwa naye kiwandani, upande wa mashine za kupiga mabati, na jina lake lilitoka huko. Sasa alikuwa akiagiza bidhaa kutoka nje. Aliweka boksi mezani, akamsalimu shemeji yake, akalifungua. Ndani mlikuwa na visu vidogo vya kukunja, vya kutiwa mfukoni, vyenye mipini ya kijani, myeusi na myekundu.

"Uza mtandaoni," Nyundo alisema. "Wewe una subira na maneno mazuri. Mimi nikiandika tangazo, watu wanadhani natukana."

Mkaguzi alichukua kimoja, akakifungua. Kililia *ta*, sauti nzuri tu. Akaegemeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, akasukuma taratibu. Loki, ile ya kuzuia bapa lisijikunje, ikateleza na kisu kikajifunga chenyewe. Vidole alikuwa ameshaviondoa, maana alijua.

"Rudi," alisema.

Nyundo akaangua kicheko. "Rudi wapi, ndugu yangu? Kwani kiwanda kipo? Kisu cha bei hii unataka kikate halafu kikuombee na dua?"

Mkaguzi naye akacheka. Baadaye, alipokuwa akikumbuka mambo haya, kicheko hicho ndicho kilichokuwa kikimkera kuliko vingine vyote, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kucheka.

Alianza vizuri. Alivipiga picha juu ya kibao cha mbao, karibu na dirisha, bapa likiwa limepakwa tone la mafuta ili ling'ae. Chini akaandika: *Chuma imara. Loki ya uhakika. Kimekaguliwa kimoja kimoja.* Chuma hakikuwa imara na loki haikuwa na uhakika, ila sentensi ya mwisho ilikuwa ya kweli. Kila kisu alikisukuma kwenye ukingo wa meza. Katika kila kumi, vitatu vilijikunja, mara nyingine vinne. Hivyo alivitupia kwenye gunia nyuma ya mlango, akimngoja Nyundo avichukue.

Nyundo hakuvichukua. "Mali ikishatoka kwangu haijui njia ya kurudi," alisema kwenye simu.

Maombi yakaongezeka. Watu walipenda picha, na walipenda zaidi yale maneno ya kukagua. Wiki moja vifurushi vilimzidi, akatuma visu moja kwa moja kutoka kwenye boksi bila kuvifungua. Akajiambia ni wiki hiyo tu. Kisha boksi likaisha kabla ya jingine kufika, na wateja walikuwa wakingoja, na gunia lilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Mara ya kwanza mkono wake ulisita juu ya gunia. Mara ya pili ulishajua njia.

Ujumbe ulimfika akiwa kwenye foleni ya posta, vifurushi saba mkononi.

*Habari za kazi, mwanangu. Mimi ndiye yule mama wa miche niliyenunua kisu chenye mpini wa kijani. Kilinijikunjia nikiwa nabebesha miche ya michungwa, nikikata kikonyo cha kupachika. Kidole cha shahada kimekatika mshipa, nimeshonwa. Siandiki kwa ubaya. Nauliza tu, je, nilikosea kukifungua? Mikono yangu siku hizi si ya kuaminika.*

Aliusoma mara mbili. Foleni ikasogea, aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega. Mipini ya kijani aliikumbuka vizuri. Boksi lile la kwanza lilikuwa nayo michache, na kile alichomtumia mama huyu kilitoka ndani ya gunia. Alikuwa amekishika kwa mkono wake, akakisukuma kwenye meza, akakiona kinajifunga, akakitupa. Kisha akakitoa, akakifuta vumbi, akakifunga kwa karatasi.

Akaandika: *Pole sana mama. Kisu hicho lazima kifunguliwe mpaka mlio usikike. Huenda hukukifikisha mwisho.* Halafu akasogea dirishani, akatuma vile vifurushi saba.

Jibu lake lilikuwa limepimwa vizuri. Hapakuwa na neno hata moja ambalo mtu angeweza kumshika nalo.

Mambo yangeishia hapo kama yule mama angekuwa mtu wa shari. Badala yake, siku chache baadaye aliandika mahali pa maoni, wazi mbele za watu: *Jamani, tuwe makini. Kisu ni kizuri, mimi ndiye nilikosea kukifungua, nikajikata. Muuzaji ni mstaarabu, amenielekeza vizuri.* Akampa nyota tano.

Kuanzia hapo kila aliyelalamika kwamba kisu chake kimejikunja alijibiwa na wanunuzi wenzake: "Soma maoni ya yule mama wa miche. Tatizo ni sisi kutojua kukitumia." Mkaguzi hakuhitaji kujitetea tena. Mtu aliyejeruhiwa na kisu chake ndiye aliyekuwa wakili wake.

Mkewe aliyasoma maoni hayo asubuhi moja, pini zikiwa zimemjaa mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha kitambaa.

"Mume wangu, huyu mama ana roho ya peke yake. Umemtumia japo cha pole?"

"Nitamtumia."

"Nitamtumia ni lini?"

"Mke wangu, si nimesema nitamtumia?"

Mkewe alimtazama kidogo, akarudi kwenye mshono. Siku tatu baadaye mkasi wake mdogo ulipotea chini ya vitambaa. Akanyoosha mkono kwenye rundo la mzigo wa siku hiyo, akachukua kisu kimoja afumue nacho pindo. Mkaguzi aliruka kutoka kitini.

"Acha! Usitumie hicho!"

Alikuwa amemshika kifundo cha mkono kwa nguvu hata yeye mwenyewe akashtuka. Cherehani ilinyamaza. Mkewe alikitazama kisu, akamtazama mumewe.

"Kwa nini?"

"Hakiko sawa."

"Hiki tu?"

Mkaguzi aliuachia mkono wake, akatupa jicho kwenye vifurushi.

"Na hivi ulivyokwisha kuvifunga, vyenye majina ya watu, viko sawa?" Alingoja. "Kwa hiyo mimi nisikishike, ila mama wa watu akishike?"

Hakupiga kelele. Mkaguzi alitamani apige. Mkewe aliweka kisu mezani, akaenda kutafuta mkasi wake, na siku nzima hakumsemesha ila kwa mambo ya lazima.

Asubuhi iliyofuata Mkaguzi alinakili anwani ya Mama Miche kwenye kipande cha karatasi. Mkewe alimpa shati lililopigwa pasi bila kuulizwa, akamwambia tu, "Usiende kuuma na kupuliza. Kama unakwenda kusema, sema."

Safari ilichukua saa tatu. Bustani ya miche ilikuwa pembeni ya barabara, chini ya wavu mweusi wa kivuli, mifuko ya plastiki yenye udongo ikiwa imepangwa safu kwa safu. Mwanamke mmoja mnene, kama wa miaka hamsini, alikuwa amekaa kwenye kigoda akibebesha miche, akikata kikonyo, akikipachika kwenye shina na kufunga utepe. Alikata kwa pupa, na miche mingi iliyokuwa kando yake ilikuwa imenyauka. Mwingine, mzee zaidi na mwembamba, alikuwa akimwagilia maji kwa kopo, mkono wa kushoto. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimenyooka tu, hakikunjiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Unataka michungwa au miembe?"

"Mimi ndiye muuzaji wa visu."

Uso wa Mama Miche ulifunguka. "Wewe ndiye! Jamani, umetoka kote huko? Wifi, njoo umwone huyu. Ndiye yule mstaarabu niliyekwambia." Akafuta mkono kwenye khanga, akampa wa kushoto. "Nisamehe kwa usumbufu, mwanangu. Ukizeeka unakuwa kama mtoto, hata kufungua kisu unafundishwa."

Wifi yake alicheka pale kigodani. "Si nilikwambia? Mikono yako imeshastaafu, ni wewe tu hujapokea barua. Wewe mwagilia maji tu."

Mama Miche alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. "Miaka thelathini nimebebesha miche," alimweleza mgeni. "Katika mia, ilikuwa ikinifia mitano tu. Sasa naogopa kushika hata wembe. Kila nikishika, nasema mikono hii ndiyo iliyonisaliti."

Mkaguzi alikuwa amejiandaa kwa kidole. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kusema juu ya mshipa, juu ya daktari. Hili hakuwa amelifikiria kabisa, kwamba yale maneno yake machache ya kwenye foleni yalikuwa yamekata mahali ambapo kisu hakikufika. Akapiga moyo konde.

"Mama, hukukosea. Ulikifungua sawasawa. Kile kisu kilikuwa kibovu."

"Kibovu?"

"Loki yake ilikuwa inateleza."

Mama Miche aliweka kopo chini. "Ulijua lini? Kabla ya kuniuzia, au baada?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na Mkaguzi aliuona. Angeweza kusema baada.

"Kabla. Nilikijaribu kwa mkono wangu, kikajikunja. Nikakuuzia."

Wifi aliacha kukata. Gari lilipita barabarani, vumbi likaja mpaka kwenye wavu.

"Na nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya."

Mama Miche hakulia wala hakumtukana. Alikitazama kidole chake kama mtu anayemtazama ndugu aliyemdhania vibaya. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mama na mwanawe:

"Mgeukie wifi yangu, umwambie. Mimi nimeshasikia."

Mkaguzi akamgeukia yule mwanamke wa kigodani, akayarudia yote toka mwanzo. Wifi hakujua pa kuweka macho. Mkaguzi alipomaliza, Mama Miche alimwendea wifi yake, akanyoosha mkono wa kushoto, akangoja. Yule akampa kisu cha kubebeshea na akainuka kwenye kigoda.

Mkaguzi alikuwa amebeba kisu kizuri cha bustani, alichokinunua dukani, pamoja na bahasha. Bahasha Mama Miche aliipokea. "Hii ni ya hospitali, ni haki yangu," alisema. Kisu hakukigusa. "Hicho rudi nacho. Siwezi kukata kwa kitu kilichotoka mkononi mwako. Na pale nilipokusifu mbele za watu, nenda ukaandike ukweli. Pale pale."

"Nitaandika, mama. Naomba unisamehe."

"Hilo usiniharakishe," alisema, akachukua mche.

Jioni ile ile, kabla hata ya kuvua shati, aliandika. Hakuremba. Alisema visu ni vibovu, kwamba alijua, kwamba mama wa miche hakukosea lolote, na kwamba kila aliyenunua aache kukitumia. Mkewe alisoma juu ya bega lake, akaondoa neno "huenda" aliloona limejipenyeza katikati, akamrudishia simu.

Matusi yalimiminika kama mvua ya mawe. Nyundo alipiga simu akafoka mpaka sauti ikakauka, akamwita mchawi wa riziki za watu, na tangu hapo hawasalimiani. Duka lile la mtandaoni likafa. Visu vilivyobaki Mkaguzi alivibana kwenye jiliwa, akavivunja kimoja kimoja kwa nyundo, kazi iliyomchukua siku mbili. Baadaye alipata kibarua kwenye karakana ya baiskeli, kujaza upepo na kukaza breki. Mwenye karakana humgombeza kwa kukaa na baiskeli moja muda mrefu mno.

Mkaguzi alimwandikia kila mnunuzi peke yake, kwa jina lake. Wengine walirudisha visu. Mmoja alijibu kwamba chake alikitupa zamani. Mwingine alijibu kwamba alimpa baba yake, mvuvi wa ziwani, na hajui kama baba husoma ujumbe. Mkaguzi aliomba namba ya yule baba, akapiga, na simu haikupokelewa. Wapo zaidi ya arobaini ambao hawajajibu chochote. Kila Jumapili baada ya chai hukaa karibu na cherehani ya mkewe, akawaandikia tena, mmoja mmoja, na Jumapili hii alipata majibu mawili.