Sifuri kwa Kupata Jibu Moja

Leo nimetoka darasani kwa hasira.

Mimi na Furaha, rafiki yangu Mkongo, tumepewa sifuri kwenye swali la msawazo wa kemikali. Yeye alilifanyia kwao Kyebando, mimi kwetu Kibuli, mitaa miwili tofauti. Mhadhiri anadai tumenakiliana kwa sababu majibu yanafanana.

Jamani, kwani majibu sahihi huwa mangapi?

Mhadhiri akamwita Furaha ubaoni alirudie swali hilo. Akalifanya polepole, kwa njia tofauti kabisa na yangu, akafika palepale.

Mhadhiri akasema, "Vizuri. Wiki ijayo sitakuwepo, utawafundisha wenzako sura hii."

Nikauliza, "Na alama zetu?"

"Hizo zimeshaingizwa."

Furaha akaweka chaki mezani. "Basi utafute mwingine, mwalimu. Mimi niko na sifuri."

Tukatoka wote wawili. Nyinyi mngebaki?