Nilimtangaza Mpinzani wa Mke Wangu

Chama chetu hapa Bunia kilikuwa kinachagua mgombea wa kuongoza komini ya Shari, sehemu moja ya mji. Mke wangu alidai mabadiliko makubwa. Mpinzani wake, Papa Désiré, alitaka twende polepole. Kwetu wanachama hupiga kura kwa kujipanga nyuma ya wanayemtaka.

Mimi ni mtangazaji wa redio. Niliona mstari mrefu nyuma ya Papa Désiré, nikatangaza papo hapo: "Mtu wa katikati ameshinda! Wakali hawachaguliki."

Kumbe nyuma yake dada zake Papa Désiré walikuwa wakigawa samaki wa ziwani Kasenyi. Watu walikula, wakanawa mikono, kisha karibu wote wakajipanga nyuma ya mke wangu. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Akaja akicheka, akashika maikrofoni yangu iliyokuwa bado hewani.

"Baba Neema, ile ilikuwa mustari ya samaki. Sasa ambia watu: nani ameshinda? Na hiyo sahani mukononi yako, iko ya nani?"