Nilivyofuta miji kumi na miwili ya Babu kwa pamba na spiriti

Wakuu, heshima yenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Niko internet café hapa Moshi mjini na jamaa wa kaunta ananikodolea macho kama nimemeza mausi yake, kwa hiyo naandika haraka.

Leo sitii chumvi. Najua kuna wanaokumbuka uzi wangu wa mbuzi, ule sawa, uliungwa nazi kidogo. Huu ni mkavu. Ningetaka kudanganya ningetunga kitu ambacho mimi sionekani boya.

Iko hivi. Nipo form three. Desemba iliyopita mama alinitoa nyumbani Shirimatunda akanipeleka Mwika kwa Bibi, eti nikasaidie kukata majani ya ng'ombe. Tafsiri yake: nyumba ipumzike.

Mimi kukaa sehemu moja siwezi. Siku ya pili tu nilikuwa nimeshapanda kila mti, nimeshamfundisha kasuku wa jirani tusi, na mchana bado haujafika.

Ndipo nikaiona redio.

Ni redio ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, zile za zamani zenye taa za vioo ndani, mafundi wanaziita valvu. Babu aliinunua kwa mzungu mmoja zamani sana, alipokuwa anafanya kazi mjini. Mimi nimezaliwa nimeikuta imekufa. Bibi aliifanya meza ya kuwekea kitambaa na picha ya harusi, na nyuma yake, palipokosa kifuniko, kuku alikuwa anatagia.

Mbele ina kioo kirefu chenye majina ya miji. Nilipokuwa mdogo Babu alinipakata akawa ananionyesha kwa kidole: Lisboni, Paris, Roma... "Miji kumi na miwili, mjukuu wangu, kama mitume."

Mimi nilikuwa namuuliza Yuda ni upi, halafu naruka chini kabla hajafika mwisho. Kila siku. Sikuwahi kufika mwisho.

Sasa shikeni hapa. Babu hakuwepo. Alikuwa Arusha kwa mama mkubwa, amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miaka mingi alikuwa anaona ukungu tu, ananitambua kwa kelele. Akapiga simu, Bibi akaweka spika:

"Bandeji zimetoka. Namwona hadi sisimizi. Nakuja Krismasi. Nikifika kitu cha kwanza nataka kuona kioo cha redio yangu."

Bibi akamwambia, "Kwa hiyo mimi wa pili?"

"Wewe nakukumbuka ulivyo. Acha nibaki hivyo hivyo."

Nikapata wazo. Nitaifufua redio. Babu akifika, kioo kinawaka na sauti inatoka. Bibi akakubali kwa sharti moja: nisivunje kitu.

Wakuu, sikuvunja kitu. Kumbukeni hilo.

Nikamhamisha kuku (ana kovu langu, nami nina lake), nikachomeka waya. Kimya. Nikazima, nikawasha. Kimya. Nikaingiza mkono nyuma kutikisatikisa. Waya nilikuwa nimeshachomoa, kwa hiyo nikajiona msomi. Kumbe kapasita inatunza umeme hata ukichomoa. Nilirushwa nikakalia ndoo ya pumba. Bibi alisema nilitoa sauti ambayo hata ng'ombe hajawahi.

Nikafungua bati la ndani lenye mitambo yote, nikalifunga kwenye kanga ya Bibi, nikashuka nalo mjini kwa fundi mmoja mzee maeneo ya Mawenzi. Fundi alipolifunua alivua kofia. Nadhani alidhani ni maiti.

Akaniweka siku tatu. Kapasita zilikuwa zimevimba, akang'oa nyingine kwenye tivii mbovu. Akaunga balbu ya nyumbani kwenye njia ya umeme, akaniambia: "Balbu ikiwaka kali, kuna shoti, zima. Ikiwaka kali halafu ikafifia, mambo mazuri."

Ikawaka kali, ikafifia. Redio kimya. Nikazima.

Akanipiga kibao cha mkono. "Nani kakutuma? Hii siyo simu yako. Hii inaamka kama babu yako, kwanza inakohoa."

Akawasha tena, akanishika mikono yote miwili kama polisi. Tukasubiri. Wakuu, ile nusu dakika ilikuwa ndefu kuliko kipindi cha hesabu. Taa zikaanza kuwa nyekundu taratibu, vumbi likanuka, ikakohoa kweli. Halafu kwaya.

Nilipiga kelele hadi mpita njia akaingia kuuliza nani kashinda.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Ila siwezi kukaa.

Nikarudisha bati kwenye kabati lake, redio ikaimba huko Mwika. Lakini kioo kilikuwa cheusi kwa moshi wa jiko na uchafu wa kuku. Majina unayaona kama yamezama kwenye chai. Nikakitoa, nikachukua pamba na spiriti ya kusafishia vidonda, nikasugua upande wa nyuma kwa bidii zote.

Pamba ikawa na rangi ya dhahabu. Nikasema, duh, uchafu mzuri huu.

Nilipokiinua kwenye mwanga kilikuwa safi kabisa. Safi kama kioo cha dirisha. Nilimwona Bibi upande wa pili akikata majani, bila mji hata mmoja katikati.

Majina yalikuwa yamechapwa kwa nyuma. Yote yapo kwenye pamba.

Nilibaki nimesimama. Mimi, nimesimama. Bibi akaja kuangalia kama ninaumwa.

"Mume wangu, umefanya nini?"

Nikamwonyesha pamba. Akakaa kwenye kigoda. Hakugomba, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema, "Mtu karudishiwa macho, wewe umemfutia cha kuona."

Halafu: "Kachukue sale. Umsubiri mlangoni, umwambie."

Kwa msiotoka huku kwetu: sale ni jani refu linalopandwa mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Ukimkosea mtu unalifunga fundo unampelekea. Akishalipokea kesi imekwisha, hana ruhusa ya kukataa. Siyo kitu cha mchezo.

Shida ni kwamba mimi nimeshalichezea. Nilipofeli hesabu nilimpelekea mwalimu, na mwalimu ni mtu wa Tanga, akashukuru akalipanda kwenye kopo. Babu alipopata hiyo habari hakucheka. Alisema siku nitakayolihitaji kweli, mkono utakuwa mzito.

Ulikuwa mzito. Nikalikata, nikalitia mfukoni, nikaamua kutafuta njia ya mkato.

Nikampigia Babu. Nikazuga nina homework ya jografia. "Babu, ile miji ya kwenye redio inafuatana vipi?"

Akasafisha koo. Halafu akaanza, polepole, kama anasali: "Lisboni. Paris. Roma. Ankara. Kairo. Nairobi. Bombei..."

Vocha ikakata.

Saba. Bado mitano. Bibi alikuwa hajui, alisema yeye kila alipotazama kile kioo alikuwa anatazama vumbi. Kesho yake simu ya mama mkubwa haipatikani. Walikuwa njiani.

Mama mdogo alikuwa ameshafika kutoka Dar kwa Krismasi na rangi yake ya kucha ya dhahabu. Nikaiazima bila kumwambia. Nikaandika kwa ncha ya sindano, upande wa nyuma, ili kwa mbele yasomeke. Roma ya kwanza nilisahau kugeuza herufi, ikatokea AMOR, na R imeangalia nyuma kama imelewa mbege. Nikafuta, nikarudia. Nje nasikia kila gari linalopanda.

Saba ikakaa. Pembeni kukabaki uwazi unaonitazama. Nikajiambia, macho mapya yatakuwa bado yanajifunza. Nikaandika Himo, mji wetu wa soko. Nikaandika Mwika, Mawenzi, Shirimatunda. Wa kumi na mbili nikaishiwa, nikaandika Kwa Bibi.

Babu akaingia saa kumi jioni. Miwani myeusi, koti, fimbo ambayo haihitaji tena. Ukoo mzima sebuleni, wajomba wameshaanza mbege. Nikamwamkia shikamoo, akanishika kidevu akanitazama muda mrefu.

"Kumbe una sura."

Akaketi mbele ya redio. Akawasha. Kimya. Mjomba akasema, "Baba, hii imekufa." Babu akainua mkono: "Tulia. Inavaa viatu."

Kioo kikawaka. Akavua miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa. Akasoma kwa sauti, kidole kinapita jina hadi jina.

"Lisboni. Paris. Roma. Ankara. Kairo. Nairobi. Bombei."

Kidole kikasimama.

"Himo."

Mimi nilikuwa nimeshatoa sale, limekunjika kama tiketi ya basi. Nikapiga magoti. Nilikuwa na utani wa aina tatu tayari mdomoni, hata mmoja haukutoka. Nikasema tu: "Babu, miji niliifuta. Nilikuwa nasafisha."

Akalipokea. Hakunitazama mimi, alilitazama jani. Akaligeuza, akalinyoosha kwenye mwanga wa kioo. "Nilikuwa nimesahau lina mistari," akasema.

Akalitia mfuko wa koti.

"Nilijua siku uliyopiga simu. Mtu mwenye redio mezani hamuulizi mtu wa Arusha imeandikwa nini." Halafu: "Haya, weka mshale hapo Himo, tuwasikie."

Nikazungusha. Ikatoka sauti ya mtu anasoma taarifa ya habari kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja aliyeijua. Haraka haraka, anapandisha, anashusha.

Mjomba: "Himo ya wapi hii?"

Bibi: "Siku ya soko wanaongea hivyo hivyo."

Babu mwenyewe akausogeza mshale hadi mwisho, Kwa Bibi. Kelele tupu, krrrr, haina mwanzo haina mwisho. Akatikisa kichwa. "Hapa mjukuu wangu hakukosea. Hii stesheni naijua tangu ujana, haizimiki." Kanga ya Bibi ikamfikia kabla hajamaliza.

Nilichojifunza, wakuu. Kapasita ina umeme hata baada ya kuchomoa. Kioo cha redio ya zamani usikiguse kwa spiriti kwa nyuma, pumzi yako na kitambaa vinatosha. Na sale lifunge mapema, kabla hujatafuta rangi ya kucha. (Mama mdogo naye nilimpelekea. Alitaka chupa mpya.)

Babu amekataa nirekebishe kioo. Nyumbani sasa mtu akileta habari isiyoeleweka tunamuuliza kaisikia Himo. Na ile mitano iliyobaki nilimuuliza, akasema angenitajia nilipokuwa mapajani, ni mimi niliyeruka.

Kwa hiyo naomba msaada. Mwenye redio ya mbao ya miji kumi na miwili, inayoanza na Lisboni, akisome kioo chake, anitajie hapa mji wa nane, pale nilipoandika Himo. Sitaandika upya.

Nataka tu kujua Himo ni wapi.